Nakala ya Mkulima

Msimu ule ulikuja ghalani na magunia matatu,
mdogo wako akisukuma baiskeli kwa nyuma.
Kitangari nzima ilinuka mabibo,
yaliyokanyagwa, yaliyochacha, yenye nyuki.
Nilikuwa karani wa mizani, wiki ya pili kazini,
kalamu sikioni, najiona mtu.

"Jina la mkulima?"
"Mohamedi Nangomwa."

Nikakutazama.
Jeneza lake nililibeba mimi mwenyewe,
hatua kumi na mbili hivi, kabla bega jingine halijanipokea,
mwezi wa salfa, mikorosho yote imepakwa unga wa njano
kama mwali anayesubiri kutolewa.
Siku ya arobaini shati lake la kupulizia
lilikuwa bado kwenye kamba ya uani kwenu.
Hakuna aliyethubutu kulianua.

"Mohamedi Nangomwa," ulirudia.
Sauti haikutetemeka. Kilichotetemeka ni mkono,
wenye madoa ya mafuta ya maganda,
yale yasiyosikia sabuni,
yanayongoja ngozi yenyewe ibanduke.

Sheria naijua: marehemu hauzi korosho.
Nikachomoa kaboni.
Juu, kwenye nakala yako, nikaandika jina lake,
kilo mia mbili arobaini na moja, daraja la kwanza.
Chini, kwenye nakala ya ofisi, jina la mama yako.
Uliikunja karatasi mara nne, ukaifunga kwenye pindo la kanga.
Hukusema asante. Sikuidai.

Ikawa hivyo, gunia kwa gunia.
Nikamwandika baba yako mpaka nikamzoea.
Siku moja ulisema, "M yake ilikuwa na mkia."
Nikaitia mkia.
Siku nyingine, "Yeye alikuwa anabishia uzito. Hutanibishia?"
Tukabishana juu ya nusu kilo
mpaka foleni ikaguna,
na hapo nikayaona meno yako.
Ukafunika mdomo haraka,
kama uliyekutwa na kitu cha wizi.

Kisha msimu ukaisha, ghala likatiwa kufuli,
nami nikakosa sababu ya kukuuliza jina la mtu yeyote.

Mwezi wa tatu maji yakakatika.
Bombani ndoo zilipangwa tangu alfajiri, bila wenyewe.
Nilirudi nikidhani nimepitwa.
Ndoo yangu ya bluu ilikuwa imesogezwa mbele,
imegusana na yako.
Nikamuuliza nani kasogeza, yule mama wa maandazi.
Akacheka tu, akageuza maandazi yake.

Salfa ikarudi.
Nilipita njia ya shambani kwenu, nikakuona
ndani ya lile shati, mikono umeikunja mara tatu,
kitambaa puani, bomba mgongoni linanguruma.
Sikusimama.
Nilipiga kengele ya baiskeli.
Uliinua mkono wa njano.
Mwezi ule uliniishia hapo, na ulinitosha.

Oktoba, magunia manne.
"Jina la mkulima?"
Kaboni nilikwisha kuichomoa.
"Irudishe," ulisema. "Andika langu."

Nikaandika Somoe.
Nikaendelea, maana fomu inataka matatu:
Mohamedi. Nangomwa.
Naye akaja nyuma yako mwenyewe,
hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza,
M yake na mkia wake.
Nikakandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini ikasomeka.

Hukuondoka.
Kidole chenye doa kikashuka kwenye sahihi yangu.
"Na hii minyoo? Mwaka mzima naisoma, sielewi."
"Mfaume," nikasema.
"Mfaume."
Ulilitamka polepole,
kama mtu anayeonja uji ambao bado una moto.

Nyuma yako mzee mmoja alikohoa kwa makusudi.
Ukaichukua nakala.
Safari hii uliikunja mara moja tu.